Nani Aonje Kwanza

Mjukuu wangu Agnesi,

Marahaba, shikamoo yako imenifika huku Rangwi. Sisi wazima, ila mvua haikomi, maharage yanaoza shambani. Anayeniandikia ni mama yako mdogo, na ameshaanza kuniambia nifupishe.

Unauliza, chuo kikiwapeleka kuona kiwanda cha bia, ukapewa glasi na moyo unasita, ufanyeje? Sijui, mama. Mimi enzi za Ujamaa kijiji kilinituma Ujerumani kujifunza kufuma, siku moja nikapelekwa kutembelea kiwanda cha bia ambacho kila mtu kule alikijua. Mapipa yake makubwa kama kanisa. Nikapewa glasi, wote wananitazama. Nikasubiri, maana kwetu anayepika dengelua, ile pombe yetu ya miwa, huonja yeye kwanza, mgeni aone haina sumu.

Nikauliza, "Aliyeipika yuko wapi?"

Mkalimani akasema, "Hayupo mmoja, dada, wanaipika wengi, ni ya wote. Kunywa bwana, usituaibishe. Ukikataa, hawatachukua tena mwanamke wa kwenu kuja kujifunza."

Nikazidi kuchanganyikiwa. Sasa kitu cha wote anaonja nani?

Ndipo mama mmoja mzee, mwosha chupa, akaja akaichukua ile glasi, akapiga funda, akanirudishia. Wakubwa wake wakamfokea. Mimi nikainywa yote.

Nenda ukaone na wewe.

Ni mimi bibi yako, ambaye mpaka leo sijui yule mama aliielewa shida yangu au alikuwa na kiu tu.