Kiwiko cha Elia Kwenye Kundi la Sala

Jumatano, Agosti. Joto la unyevunyevu, lile la kufanya shati linate mgongoni kabla hujafungua mlango wa gari. Hapa Crescent Town, Toronto, lifti moja imeharibika tena, foleni ya ile nyingine imefika mlangoni, kwa hiyo nimepanda ngazi hadi ghorofa ya tisa na mfuko wa mchele begani. Sikulalamika. Leo nilistahili ngazi.

Sina hamu ya kuandika. Lakini nisipoandika nitaongea, na kuongea ndiko kulikonifikisha hapa nilipo. Blogu hii ina wasomaji wachache wa kuhesabika, na majina nimeyabadilisha yote, hata la Elia. Angalau hilo nimejifunza wiki hii.

Elia ni mwanangu wa kwanza, ana miaka ishirini na miwili, na anacheza besiboli. Yeye ndiye mrushaji, yule anayesimama katikati ya uwanja kwenye kilima kidogo na kumrushia mpira mtu mwenye gongo. Alianzia kwenye uwanja wa nyuma ya maghorofa haya. Akiwa na miaka kumi na minane chuo kimoja cha kusini mwa Marekani kikamsomesha bure kwa ajili ya mkono wake wa kulia. Mama yake alitaka awe mfamasia. Alisoma kidogo, akarusha sana, na mwaka jana timu moja kubwa ikamchagua. Siku ile mke wangu alipika pilau la watu arobaini, wakaja sitini.

Kuchaguliwa si kufika. Hilo nilichelewa kulielewa. Timu kubwa ina timu kadhaa chini yake, kwenye ligi ndogo, na kijana anaanzia ya chini kabisa. Anacheza kwenye miji midogo, analala ndani ya basi, anapanga chumba na wenzake watatu, na anasubiri mtu wa juu aseme: panda. Kuna maelfu kama yeye wanaosubiri neno hilohilo. Ndugu zangu Dodoma wanadhani tayari ni tajiri. Wananitumia picha za viwanja vinavyouzwa.

Mimi mwenyewe nimekulia kwenye mpira wa miguu. Miaka ya kwanza nilikuwa nasinzia pale kwenye viti, kwa sababu huu ni mchezo ambao watu wengi wamesimama tu wanangoja. Siku hizi timu yake ikicheza mchana naangalia kwenye simu wakati wa mapumziko, pale ghalani Brampton ninakoendesha foklifti, gari la kunyanyulia mizigo. Sheria bado zinanichanganya. Lakini uso wa mwanangu naujua.

Ndivyo nilivyoona, mwezi wa tano, kwamba kuna kitu. Kila akimaliza kurusha alikuwa anakung'uta vidole, kama mtu aliyenawa akakosa taulo. Nikampigia. Akasema hakuna kitu, Baba.

Mwezi wa sita tukaenda kumtembelea, mwendo wa saa saba barabarani. Mama yake alipoingia dukani kununua matunda, Elia akaniambia, tukiwa wawili ndani ya gari. Kiwiko kinauma kwa ndani. Akiwa amerusha kwa muda vidole viwili vinakufa ganzi na hausikii mpira mkononi. Daktari wa timu hajui. Ukisema unaumwa unapumzishwa, na ukipumzishwa kuna mwenzako yuko tayari kusimama pale pale ulipokuwa umesimama. Akanishika mkono, jambo ambalo hajalifanya tangu utotoni, akaniomba nisimwambie mtu. Hata Mama.

Nikamwambia sawa.

Ningewezaje kumgombeza? Kuficha maumivu amejifunza kwangu. Nilifanya kazi kipupwe kizima, na kingine juu yake, nikiwa na mgongo mbovu, mkanda umefungwa chini ya koti, nikimchekea msimamizi asije akanitoa kwenye ratiba. Aliyekuwa ananisaidia kuukaza mkanda ule asubuhi alikuwa Elia. Alikuwa na miaka kumi. Nilimwambia hii ni siri yetu wanaume, na alifurahi sana kuambiwa hivyo.

Basi nikaibeba siri yake tangu mwezi wa sita. Wiki iliyopita akapiga simu akiwa na furaha mpaka sauti inapasuka: ameambiwa Jumanne anapanda, anakwenda timu ya juu zaidi. Nikampongeza. Kisha nikabaki nimekaa kwenye gari bila kuliwasha, nawaza mkono ule ukirusha kwa nguvu zaidi, mbele ya watu wenye magongo ya hatari zaidi.

Jumamosi ilikuwa zamu ya jumuiya. Kila mwezi Watanzania wa kanisa letu tunakutana nyumbani kwa mmoja wetu, tunasali, halafu tunazunguka duara na kila mtu anataja nia yake kwa sauti. Mimi nia yangu inajulikana. Miaka yote nasema "nashukuru kwa yote" na kumpisha jirani. Wananitania kwamba siku nikiongeza neno watapiga vigelegele.

Safari hii niliongeza. Sijui ilitoka wapi. Nikasema namwombea Elia, kiwiko chake cha kulia kinamuuma tangu mwezi wa tano, vidole vinakufa ganzi, na amewaficha watu wa timu. Nilisema yote hayo bila kupumua. Hakuna aliyepiga vigelegele. Mke wangu aligeuza kichwa taratibu akanitazama, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba na yeye alikuwa hajui.

Sasa, Felista ni katibu wetu, mama mmoja mwenye moyo mkubwa kuliko busara ya simu. Kazi yake ni kuandika nia zote na kuziweka kwenye kundi la WhatsApp, ili walioko kazini nao wasali. Ndio utaratibu wetu tangu zamani. Viza zimepita pale, mitihani, magoti ya bibi zetu, na hakuna aliyewahi kudhurika. Niliona anaandika. Ningeweza kumwambia, dada, hii usiiandike. Nikajisemea moyoni: kati yetu nani anaangalia besiboli?

Jumapili Felista, kwa upendo mtupu, akautafuta ukurasa wa timu ya Elia. Akakuta picha yake. Akaandika chini yake, kwa Kiingereza kizuri tu, kwamba familia yake yote Toronto inamwombea kiwiko chake kilichokuwa kinauma tangu mwezi wa tano, na Bwana aondoe ganzi kwenye vidole. Akaweka na mikono ya sala. Wengine kumi na mmoja wakaja nyuma yake na Amina. Halafu akanipigia kunipa habari njema.

Nilimwomba afute. Alifuta, akilia. Ilikuwa imekaa pale tangu asubuhi.

Jumatatu wakamwita ofisini. Kocha alikuwa na maneno yale kwenye simu yake. Daktari akaukunja mkono, akaunyoosha, na Elia hakuweza kuuficha uso. Wakampeleka hospitali kupigwa picha ya ndani ya kiwiko. Jana Jumanne kijana mwingine ndiye aliyepanda. Nimeona picha yake kwenye ukurasa uleule, anatabasamu, ana begi begani. Simchukii. Na yeye ana baba.

Elia alinipigia Jumatatu ileile.

"Baba, I told one person."

Akarudia:

"One."

Mtu mmoja, na huyo mmoja nilikuwa mimi. Hakupaza sauti. Afadhali angenifokea. Tangu pale hapokei simu yangu.

Mke wangu ana hasira mbili na zote ni za haki. Aliniambia jana akiwa anajiandaa kwenda kazini: "Ulinificha mimi mama yake mzazi, ukaenda kuwaambia watu ishirini wenye sambusa mkononi."

Watu wa jumuiya wananifariji kwamba ni mpango wa Mungu, kwamba pengine mkono ungekatika kabisa huko juu. Inawezekana ni kweli. Lakini hainisaidii, kwa sababu mimi sikukusudia kumwokoa. Baba mwenye msimamo angemwambia mwanawe: sema mwenyewe, usiposema nasema mimi. Au angenyamaza kama alivyoahidi. Mimi sikufanya hili wala lile. Nilichoka tu kubeba, nikadondosha mbele za watu.

Naona aibu.

Leo saa kumi na moja jioni simu ya mke wangu imelia. Nilikuwa naosha mchele. Ameiweka kwenye spika bila kumwambia Elia, nadhani kwa ajili yangu, ingawa hakunitazama. Majibu ya picha yanatoka Ijumaa. Huenda ni kupasuliwa na mwaka mzima bila kurusha, huenda ni mapumziko tu. Hakuna anayejua. Mama yake akamuuliza, kinauma wapi hasa, mwanangu? Akamweleza. Akasema kuna asubuhi hawezi kushika mswaki kwa mkono ule. Hilo hata mimi sikuwa nalijua.

"Baba yako yupo hapa," mke wangu akasema.

Elia akajibu:

"Not today, Mama."

Nikatikisa kichwa kukubali kwamba si leo, utadhani ananiona. Maji yalikuwa yamejaa sufuria yanamwagikia kwenye sinki na punje za mchele zinaondoka nayo. Mke wangu akaichukua simu, akaenda nayo chumbani, akafunga mlango. Nilisikia sauti yake kwa muda mrefu, maneno sikuyapata.

Felista ameuliza kwenye kundi: Baba Elia, kiwiko kinaendeleaje, tunazidi kusali. Watu wote wameona. Nimeandika "nashukuru kwa yote," nikaifuta.

Ijumaa Elia atamwambia mama yake majibu. Mama yake ataniambia mimi, akiona inafaa. Mkono si wangu, siri si yangu tena, na hata kuomba msamaha kunahitaji mtu wa kupokea simu. Nimeamua kumwacha apumue. Kesho sitampigia.

Jana pia niliamua hivyo. Leo nimepiga mara nne.