Milimita Sita

Jumatatu, 10 Februari 2025

Milimita sita tena! Sindano imepita kando ya shanga kama vile haijui ipo. Profesa anataka chini ya mbili, na Jumatatu ijayo nasimama mbele ya jopo. Nikishindwa, mradi unafungwa. Miaka minne ya PhD — kwisha.

Najieleza tena, maana sina mwingine wa kumweleza. Napachika shanga ndani ya kipande cha mgomba. Skana inapiga picha, kompyuta inachora njia, mkono wa roboti unaifuata na kuchoma. Siku moja hiyo shanga itakuwa uvimbe kwenye ini la mtu. Kwa sasa ini langu ni mgomba. Wenzangu Ulaya wana maini ya plastiki. Mimi nina kihamba cha baba, shamba letu la migomba.

Vipande analeta Fredy, kwenye pikapu yake ya maziwa kutoka Machame. Dada Hilda anakata, anafunga kwa kamba, anampa. Kwangu, kimya. Leo nimemwuliza Fredy kama dada kasema lolote.

"Kasema nirudishe kamba."

Jumanne, 11 Februari

Jioni Bi Rukia, mwenye nyumba wangu hapa Majengo, kaniletea visheti. Kauliza, daktari gani huyu hana mgonjwa hata mmoja? Nimecheka. Alipotoka nikagundua kwamba kutwa nzima sikuwa nimeongea na mtu. Visheti nimevimaliza nimesimama.

Milimita sita na nusu.

Alhamisi, 13 Februari

Mjinga mimi! Mjinga!

Chini ya meza ya maabara kuna dimbwi. Wiki tatu nalaumu kiyoyozi. Kumbe ni mgomba, unatoa maji! Nimeuzungushia futi ya fundi cherehani asubuhi, nikarudia saa kumi. Umepungua karibu sentimita mbili. Kompyuta yangu ni kuukuu, inachora njia kwa saa tano. Kwa hiyo nachoma mgomba wa jioni kwa picha ya asubuhi, na shanga imeshahama.

Mtoto yeyote wa Machame aliyewahi kukatia ng'ombe mgomba anajua. Uliokatwa asubuhi, jioni mwepesi. Nimeubeba mimi mwenyewe, kichwani, na Hilda mbele yangu akiniambia nisiburute. Nimesoma mpaka nimesahau.

Dawa yake: mgomba usikatwe. Nichome umesimama, shambani. Maana yake nipande mlimani na mashine hadi kwa Hilda.

Hajaongea nami tangu Machi ya mwaka jana. Baba alipofariki nilikuwa Ulaya kwenye mafunzo, mazishi nikayaona kwenye simu. Hilda ndiye aliyemgeuza kitandani miezi saba. Aliponilaumu nikamjibu kwamba yeye alikuwepo kwa sababu hana pa kwenda. Nilisema hivyo. Kwa dada yangu. Naandika na uso unaniwaka.

Nimempigia mama. Mgomba upo, mkungu umeshakatwa, Hilda alitaka kuuangusha wiki hii. Halafu akasema nisije mikono mitupu. Nikauliza nibebe sukari? Akasema sukari haiombi msamaha.

Isale. Kwetu, ukimpelekea uliyemkosea jani la isale, hawezi kukataa kukusamehe. Ndiyo maana halipelekwi ovyo.

Ijumaa, 14 Februari

Nimefunga mashine kwa magodoro mawili. Sijalala vizuri. Isale nitalichuma kulekule, mpakani mwa kihamba.

Jumamosi, 15 Februari. Machame, nje ya zizi

Nimefika na Fredy asubuhi, nimekaa katikati ya madumu ya maziwa. Hilda alikuwa sokoni. Mama kaitikia shikamoo, kapokea begi, kaingia kupika mtori. Nikapachika shanga, nikapiga picha, kompyuta ikaanza kuchora. Saa tano. Ilipomaliza, mgomba ulikuwa vilevile, haujanywea hata kidogo! Ilibaki kubonyeza kitufe tu.

Ndipo Hilda akaingia na kapu lake. Akautazama mgomba, umefungwa mikanda, una mkono wa chuma ubavuni. Akanitazama mimi. Amekonda. Nikashika isale kwa mikono miwili. Nikasema tu, "Dada, nisamehe."

Hakulipokea.

"Isale halikataliwi, Eve, najua. Ndiyo maana nakuuliza kabla sijalishika. Umekuja kwa ajili yangu, au kwa ajili ya mgomba?"

Macho yakanienda kwenye mgomba. Hilda akachukua ndoo akaenda kukamua. Akasema ng'ombe ni wawili, nikishapata jibu yupo pale.

Sasa yuko kwa wa pili. Nasikia maziwa yakigonga ndoo.

Jibu ninalo tangu aliponiuliza. Kwa ajili ya mgomba. Bila mgomba nisingepanda leo, wala Pasaka, labda hata mwakani. Nilikuwa nakaa Majengo nahesabu milimita na kumkumbuka, na bado nisingepanda. Hilo ndilo natakiwa kumwambia, nikiwa nimeshika isale!

Nimezima mashine. Njia ya saa tano imefutika, na kesho ni Jumapili, hapa nyumbani hakuna anayegusa kazi ya shamba; keshokutwa ni jopo. Sijui kama nimefanya vizuri. Nilishindwa kumjibu huku taa ya kijani ya mashine inaniwakia.

Maziwa yamenyamaza. Anasimama, anafuta mikono kwenye kanga. Anakuja polepole, ndoo imejaa, na jani limeanza kulegea mkononi mwangu.