Kipande cha Bomba Nyuma ya Kiti

Ijumaa, 7 Juni

Gari limegoma. Si habari, limekuwa likigoma miaka mitatu sasa. Habari ni kwamba leo nimekaa kwenye usukani, ufunguo mkononi, nikasema kwa sauti, "Moja, mbili, haya!" — na mbele ya boneti hakuna mtu. Mjinga mimi!

Ndivyo tulivyozoea. Mimi ndani, mama watoto mbele na kipande cha bomba la maji. Nahesabu. Kwenye "haya" mimi nazungusha ufunguo, yeye anaigonga stata, ile mota ya kuwashia injini. Ngo! Gari linawaka. Bomba linafutwa kwa kitambaa, linarudi nyuma ya kiti, tunaondoka. Wageni nilikuwa nawatania: huyu si mke, huyu ni fundi wangu wa umeme. Wanacheka. Mwanzoni hata yeye alicheka.

Sasa ni wiki ya tatu yuko kwao, anamuuguza mama yake. Mama mkwe alikuja kututembelea, kiharusi kikamkuta hapa hapa kwetu, Jumanne asubuhi, mimi nikiwa kazini stoo. Upande wa kulia umelala. Maneno hayatoki. Daktari alisema wangewahi kidogo hali ingekuwa nafuu. Akaishia hapo, na nyumbani hakuna aliyeligusa neno hilo tena. Linanitafuna kila siku.

Jioni nimemwandikia mama watoto: Alhamisi nitawapeleka mimi kliniki ya mazoezi. Jibu limekuja baada ya saa nzima. "Kwa gari lipi?"

Haya. Siku sita. Gari hili litawaka kwa ufunguo peke yake, la sivyo sitathubutu kujionyesha pale mlangoni. Na ninalitengeneza mwenyewe, hapa uani. Nikimpa fundi, nitakuwa nimemtuma mtu akaniombee msamaha.

Jumamosi, 8 Juni

Nimeanza kwa kuilaumu betri. Siku zote naanza na betri! Nimemwagia vichwa vyake maji ya moto, nimesugua kwa msasa mpaka vikang'aa. Nikawasha taa za mbele, nikazungusha ufunguo. Taa hazikufifia hata kidogo. Na kutoka kule chini: tak! Moja. Kimya.

Kwa hiyo betri ni nzima. Umeme unafika. Kile kidude kilichokaa mgongoni mwa stata kinaitikia — ndicho kinachopiga tak — ila stata yenyewe haizunguki.

Limebaki jaribio moja: kugonga na kuwasha kwa pamoja. Nimejaribu peke yangu! Mkono mmoja chini ya boneti, mwingine dirishani, shavu limebanwa kwenye kioo. Haufiki. Nikagonga, nikakimbia, nikazungusha. Tak. Nikarudi, nikagonga, nikakimbia. Tak. Mara ya nne nikasimama katikati ya ua nikihema kama mbwa. Ndipo nikakumbuka ni nani mwingine aliyekimbia hivi, ua huu huu, na mama yake ndani ya gari.

Nimefunga boneti. Leo basi.

Jumapili, 9 Juni

Nimemwomba jirani yetu, mama mshonaji wa nyumba ya pili, aje azungushe ufunguo. Ni shoga wa mama watoto, mimi ananiita shemeji. Kaja na futi shingoni.

"Shemeji, mimi nimezoea cherehani ya miguu. Hapa nakanyaga wapi?"

Usikanyage popote, nikamwambia. Gea iko huru, breki ya mkono iko juu. Nikisema haya, zungusha tu.

"Na nikiingia ukutani?"

Huingii ukutani. Nikahesabu. Nikagonga. Likawaka! Alipiga ukelele, akaruka nje, kiatu kimoja kikabaki ndani. Jamani! Tumecheka mpaka machozi. Sijacheka hivyo tangu Jumanne ile.

Basi ni stata, hakuna ubishi. Nikazima. Nikamgeukia nimshukuru — kumbe machozi yake si ya kicheko tena. Kakaa kwenye ngazi ya mlango, kiatu mkononi.

Akasema siku ile alisikia ngo, ngo, ngo, akadhani watu wanavunja mlango. Akatoka. Akamkuta mama watoto anagonga, anakimbilia ufunguo, anarudi. Mama mkwe kaegemezwa kiti cha nyuma, mdomo umekwenda upande. Mama watoto akamwita: njoo unizungushie! Yeye akaogopa. Hajawahi kukalia usukani maishani. Akasema anakimbia barabarani kutafuta gari. Lilipopatikana, lile la kubebea mboga, muda ulikuwa umekwenda.

"Kumbe ni kuzungusha tu, shemeji," akasema. "Kuzungusha tu!"

Kosa si lako. Hayo ndiyo niliyopaswa kumwambia, papo hapo. Akajifuta uso kwa kanga, akasema na simu yako nayo, ikachagua siku ile kuisha chaji. Nikainama kuokota bomba.

Simu haikuisha chaji. Naandika hapa maana hapa hapana wa kunisoma.

Asubuhi ile tulizozana, na ni stata hiyo hiyo. Alisema itengeneze, siku moja utaniacha nimekwama. Nikamwambia asinianzishie mapema yote hiyo, nikaliacha gari uani, nikaenda kazini kwa basi. Kwenye saa tatu simu ikaita. Nikaona jina lake. Nikasema moyoni, stata tena! Nikaigeuza kifudifudi juu ya daftari la stoo. Ikaita mara nne. Niliihesabu, kwa hasira, kama mtu anayehesabu makosa ya mwenzake. Hospitali nikamwambia ilizima, chaji. Akaamini. Akaniambia pole.

Pole!

Jumatatu, 10 Juni

Nimetoka kazini mapema. Stata nimeitoa.

Kwanza nimefanya ujinga. Nimetia spana kwenye nati ya waya mkubwa bila kuondoa waya wa hasi wa betri. Cheche! Spana imeruka, nywele za mkono zimeungua. Miaka yote hii nawasimamia vijana wa stoo juu ya usalama kazini. Nikaondoa waya wa hasi, kama nilivyotakiwa tangu mwanzo, nikaanza upya.

Jeki, magogo mawili chini ya chasisi, mimi chali chini ya gari. Bolti ni mbili. Ya chini imetoka kwa adabu. Ya juu imejificha, haionekani, unaitafuta kwa vidole kama mtu anayetafuta kifungo uvunguni. Saa nzima! Nimeitukana, nimeibembeleza. Kutu imeniingia machoni. Ikalegea. Stata ikanidondokea kifuani na uzito wake wote.

Nimeifuta kwa mafuta ya taa. Mgongo wote mabonde. Madogo madogo, yamebebana sehemu moja, maana alikuwa na shabaha. Nimepitisha kidole juu yake, bonde kwa bonde. Miaka mitatu ya mkono wake, asubuhi kwa asubuhi, wakati mwingine kwenye mvua, amevaa nguo za kwenda kazini. Na mimi nimekaa ndani nahesabu moja, mbili.

Nikaifungua. Tatizo la mwanzo hili hapa: vipande vya kaboni vya kupitisha umeme vimelika, vimebaki kama ukucha. Vingebadilishwa miaka mitatu iliyopita, basi, kwisha. Lakini sasa na sumaku za ndani zimepasuka, moja imevunjika kabisa. Zimepasuka kwa kugongwa. Kila tulipoiamsha tulikuwa tunaivunja. Na nilijisifu kwa wageni!

Haifai tena. Itakuwa nyingine.

Jumanne, 11 Juni

Muuza vipuri aliniuliza: ya zamani iko wapi, mzee? Nikasema nyumbani, naijua vizuri, nalifahamu gari langu. Alinitazama kwa jicho la huruma. Akanipa.

Nimeifunga jioni, bolti ya juu na matusi yake yote. Nimezungusha ufunguo — mama wee! Ukelele wa chuma kwa chuma, mbwa wa mtaa mzima wamebweka. Nimezima mbio. Mama mshonaji katoa kichwa dirishani: shemeji, unachinja nini?

Si yake. Meno yake na ya injini hayaingiani. Nimeitoa tena.

Bado siku moja.

Jumatano, 12 Juni

Nimekwenda dukani na ile ya jana na ya zamani ndani ya ndoo, nimeinamisha kichwa. Muuzaji hakunicheka, nashukuru. Aliziweka zote juu ya meza, tukahesabu meno pamoja kwa ncha ya bisibisi. Yangu kumi. Niliyouziwa jana tisa. Jino moja tu! Tukapima matundu ya bolti, tukalinganisha urefu wa pua. Akatafuta rafu ya juu kabisa, akaipata ndugu yake.

Kuna mzee alikuwa pale anangoja plagi. Akaokota ile ya zamani, akaigeuza, akaona mabonde. "Hii mmeitesa," akasema. Nikasema ndiyo.

Nyumbani nimesafisha kikao cha stata kwa msasa. Bolti ya juu kwanza safari hii, kwa vidole, nusu mzunguko nusu mzunguko, kisha ya chini. Waya mkubwa, waya mdogo. Nimetikisa, haichezi. Waya wa hasi mwisho. Nikanawa mikono, sijui kwa nini, nikakaa kwenye usukani. Mdomo ukataka kuhesabu. Nikaufunga.

Likawaka.

Mara moja! Nikazima. Nikawasha. Likawaka. Nimefanya hivyo labda mara kumi, mpaka mama mshonaji akapiga kelele kwamba nitaiua na hii mpya. Nikamwita. Nikamwambia lile la Jumapili: shemeji, kosa halikuwa lako, lilikuwa langu. Akasema basi, yameshapita. Akafikiri nasema juu ya stata.

Bomba nililitoa nyuma ya kiti, nikalitupa kwenye rundo la vyuma. Kisha nikaenda kulichukua.

Alhamisi, 13 Juni

Naandika ndani ya gari, maegesho ya kliniki, daftari juu ya usukani.

Nilifika kwao saa mbili kasoro. Nikamwamkia mama mkwe, shikamoo mama. Akainua mkono wa kushoto. Mdomo ukajaribu, ukashindwa, macho yakamalizia. Tulimbeba wawili, tukamlaza kiti cha nyuma na mito. Mama watoto amekonda. Nikaingia kwenye usukani, na yeye — akaenda moja kwa moja mbele ya boneti. Akasimama mahali pake. Akanyoosha mkono, kiganja wazi, anangoja bomba.

Ingia tu, nikamwambia.

"Nani atagonga?"

Nikazungusha ufunguo. Likawaka. Akabaki pale na kiganja wazi. Sikuweza kumtazama usoni.

Aliingia, akafunga mlango taratibu. Tumekwenda mpaka njia panda ndipo akauliza: imekuchukua siku ngapi?

"Nne," nikasema. "Tano, ukihesabu na ile ya stata niliyonunua siyo."

"Siku tano." Akageukia dirisha. Sikumsikia akilia, ila kioo kilipata ukungu.

Hapa kliniki, tulipokwisha kumshusha mama, alinivuta pembeni. Nilidhani sasa ananipa za uso, nikajiandaa. Wala! Akasema: mimi nilikuwa na kinyongo na wewe, sikufichi. Kwa ajili ya stata, na nilikuwa na haki. Lakini nimefikiri. Siku ile ungeona napiga simu ungekuja mbio, nakujua. Simu kuzima si kosa lako. Akanirekebisha kola. Akasema mama akimaliza mazoezi atanipigia nipande kumbeba, ngazi ni nyingi.

"Simu ina chaji leo?"

"Ina," nikasema.

Ungekuja mbio, nakujua! Heri angenizaba kibao mbele ya wagonjwa wote.

Nikinyamaza, nadhani jioni anarudi nyumbani na mimi. Kola alinirekebisha. Mtu aliyekusudia kubaki kwao hakurekebishi kola. Nikisema, sijui. Kweli sijui. Tumeishi miaka ishirini na sita, na hili siwezi kulikadiria. Lakini nikinyamaza, kila simu yake, maisha, nitaihesabu kabla sijapokea.

Nitasema. Si mbele ya mama. Pale kwenye ngazi, akija kunipokea, kabla hatujamfikia. Nitasema ilikuwa na chaji, niliona jina lako, nikahesabu ikiita mara nne.

Au kesho, akishapumzika — hapana. Kesho ndiyo iliyotufikisha hapa.

Simu nimeiweka mbele ya kioo, uso juu. Asilimia themanini na mbili.

Inaita. Ni yeye.