Kumlilia Mama Yu Hai

Kadzo, uko? Nimetoka kwa Waruguru, yule msanii ninayemfulia hapa Kibarani, aliyepata jina kwa video za kushtua watu.

Nimemkuta amelala mkekani, amejivika sanda. Sanda kabisa, mwenzangu.

Akaniambia, "Nililie kama maiti. Ni sanaa tu, dadangu."

Nikamwambia kwetu aliye hai haliliwi matanga, ni kumwitia kifo. Akasema polepole, "Basi mlilie mama yako."

Mama yangu, Kadzo. Na unajua alivyo mgonjwa.

Nikamfokea mpaka machozi yakanitoka, namtaja mama kwa jina lake. Yeye akaketi na sanda yake, akatabasamu. "Hapo hapo. Asante." Kumbe kamera ilikuwa inanichukua tangu nilipopiga hodi.

Ndiyo maana juzi aliniuliza mama anaumwa nini. Nikadhani ananihurumia.

Anasema video itaonyeshwa Ulaya. Mimi namlilia mama, na mama yuko Takaungu anakuna nazi.

Kesho nisindikize. Sifui hata kitambaa mpaka aifute video hiyo nikiona kwa macho yangu.