Moto Niliokunyima

Mama Kapinga, jirani yangu wa ukuta mmoja,

Usicheke. Mimi niliyeogopa hata mtumbwi wa mto Lualaba nimepanda meli. Ngoy, binti yangu yuleyule uliyembeba mgongoni nilipolazwa hospitali, anaishi Ulaya sasa. Amenilipia safari ya bahari ya Mediterania, naye yuko nami. "Mama, utaona bitu bizuri," akasema. Nimeviona. Vimenichefua.

Jana walitushusha pwani ya Italia. Nyumba za rangi zimepanda mlima, na bahari chini ni kama bluu ya kufulia. Kuzuri, sikatai. Lakini watu! Kila mmoja kabandikwa namba kifuani. Mimi kumi na nne. Mama mmoja mbele na kibendera, sisi nyuma kama mbuzi. Wanapiga picha chupi za wenyeji zilizoanikwa! Wanaagiza chakula, wanaacha nusu sahani. Na kila mara: "Saa kumi melini, msichelewe!" Basi wote wanatazama saa kwa hofu, kana kwamba kuachwa pale ni msiba. Nikakukumbuka wewe ukingoja gari la moshi lisilokuja, majuma mangapi juu ya mafurushi, pale gare, stesheni ya Kolwezi.

Karibu na bandari bibi mmoja wa rika letu alikuwa anachoma samaki juu ya mbabula, jiko la makaa kama letu. Mwanamume wa kundi letu, tumbo mbele, sigara mdomoni, akampigia mluzi. Mluzi, Mama Kapinga, kama anaita mbwa! Yule bibi akachukua kaa la moto kwa koleo, akamwinulia. Jamaa akawasha, akaenda zake. Hata asante hakusema.

Nikajisikia kutapika. Ngoy akanishika: "Mama, ni bale ba samaki ba asubui?"

"Hapana. Ni mi mwenyewe."

Unajua kwa nini. Miaka yote ile tulipeana moto juu ya ukuta. Aliyewasha kwanza alimpa mwenzake. Halafu wakubwa wakasema watu wa asili ya Kasai, kama ninyi, warudi kwao. Kwenu wapi? Wewe ulizaliwa Musonoi, hapohapo Kolwezi! Mimi ndiye niliyekuja kutoka kaskazini, msichana mzima.

Asubuhi ya kufukuzwa ukasimama ukutani na mbabula yako baridi. "Mama Ngoy, unipe makala mbili tu za moto. Kapinga iko na homa, nimupikie uji mbele ya kutoka." Vijana walikuwa barabarani, wanaangalia nani anamsaidia nani. Maharagwe yangu yalikuwa yanachemka, harufu unaisikia. Nikakuambia, "Huku hakuna moto."

Ukajibu, "Aksanti, mama." Ukaondoka.

Aksanti ya nini? Ungenitukana! Ungenitupia hiyo mbabula kichwani! Ulikosea, nakwambia. Tusi lingekwisha zamani. Hiyo aksanti yako bado iko kooni, na jana nikamdharau mwenye tumbo wa watu, mimi niliye mchafu kumpita.

Kapinga alifika? Au homa ile ilimbakiza kando ya reli? Niandikie mstari mmoja tu, hata wa matusi.

Jumapili narudi Kolwezi. Nyumbani kwako wanakaa wengine, ila ukuta ni uleule, nami nawasha mapema kila asubuhi. Usiniombe tena. Kuya tu, ukamate makala.

Ni mimi, jirani yako aliyekuwa na moto,
Mama Ngoy