Komeo Ulilotia Ndani ya Kofre

Maman,

Tangu tukuzike, mimi ndiye ninayeendesha gari yako. Viti bado vinanukia vitenge vipya, kama vile ulishusha mabunda yako jana. Nyumba yetu ya Nguba imenyamaza. Papa anajifunza kupika sombe. Anaunguza, na tunakula.

Nakuandikia juu ya kofre, pale nyuma ulipokuwa unapakia mizigo.

Unakumbuka walivyoivunja kule Kadutu ukiwa kwenye misa, wakabeba vitenge vyote? Hukulia. Kesho yake ulimwita fundi wa kuchomelea akatia komeo la chuma kwa ndani, lisilofunguka mpaka ulaze kiti cha nyuma na kupenyeza mkono. Ukanifundisha kupakia nyumbani, si pale ninaposimama, watu wakitazama. "Mutoto wangu," uliniambia, "mwizi iko na haraka. Wewe umucheleweshe tu."

Maman, ulimchelewesha.

Nilikuwa ninapeleka mashine ya ekografi, ile ya kuangalia mtoto tumboni, kwenye kituo cha afya karibu na Lwiro ambako sasa mimi ni mkunga. Hawakuwahi kuwa nayo. Nilisimama Kadutu kununua dawa. Niliporudi, tundu la ufunguo lilikuwa limeng'olewa na rangi imekwaruzwa vibaya. Mama mmoja anayeuza ndizi hapo alinieleza kwamba vijana wawili waliuvuta mlango wa kofre kwa nguvu zao zote, ukakataa, na watu walipoanza kugeuka wakakimbia.

Nililaza kiti, nikapenyeza mkono. Komeo lilikuwa limeshika. Mashine ilikuwa imelala ndani ya blanketi, salama. Nililia pale pale, mkono wangu juu ya chuma chako.

Wiki hiyohiyo alikuja Nsimire, mke wa mkulima wa huko, na uchungu umeshamwanza. Mashine ilituonyesha mtoto amekingama tumboni, hawezi kupita. Tulimlaza kwenye gari yako, nikaendesha hadi Bukavu, sijui hata niliendeshaje. Madaktari wakampasua. Akatoka mtoto wa kike, mwenye sauti kubwa.

Nilipokwenda kuwaona, mume wake alinishika mikono yote miwili, akashukuru mpaka nikaona haya. Nikamwambia kuna mwingine wa kushukuriwa, nikamsimulia habari zako. Kisha akatoka nje hadi kwenye gari, akavua kofia, akainama kidogo kwenye dirisha la dereva.

"Aksanti, maman," alisema, polepole, kama vile umekaa pale.

Niliinama kando yake. Hata sasa ninapoandika, ninaisikia sauti yake.

Ninakuahidi hili: gari hii haitapanda Lwiro wala kushuka na kiti kitupu, maadamu kuna mama mwenye mimba anayetembea kwa miguu barabarani.

Pumzika sasa. Mizigo yako yote imefika.

Binti yako,
Aline