Upanga Aloutaka Baba

Mjukuu wangu Zuhura, barua yako ya Japani imefika. Sote wazima, ila babu yako na magoti yake. Unasema wahunzi wa huko hufunika chuma laini kwa chuma kigumu ili upanga usivunjike, na unauliza wetu uliishia wapi.

Tulipohamia Maskati kutoka Unguja, miaka ya sitini, baba aliupeleka kwa mhunzi wa Matrah.

"Utie ugumu wote."

"Sheikh, utakatika."

Baba akang'ang'ania. Ulipotoka motoni ukatiwa majini. Mhunzi alipoupinda kuujaribu, ukakatika.

Baba akavipakata vipande, akaita, "Saidi." Ndiye kaka yangu, tulomzika Unguja. Tangu maziko alikuwa hajalitaja jina hilo, wala hajalia.

Vipande nnavyo kabatini. Sijapata kutaka viungwe.

Bibi yako